Mtazame Asiye na Mpira

Hakuna mtu pale chuoni aliyevijua vinywa vya watu kama Ganzi, na hakuna aliyekitumia chake kwa uchache kama yeye. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno katika zahanati ya chuo. Mkuu wa chuo alishalala kwenye kile kiti akapanua kinywa mbele yake, walinzi wa lango walishapanua, na wanafunzi ndio usiseme. Hao wanafunzi ndio waliompa jina, kwa sababu yeye ndiye aliyetayarisha sindano ya ganzi, na kwa sababu, walisema, ukimsalimia ulimi wake huchukua muda kuzinduka.

Asubuhi ya maandamano mama yake alimkuta sebuleni anafunga vifungo vya kizibao cha rangi ya machungwa. Mgongoni kilikuwa kimeandikwa MWANGALIZI kwa herufi nyeusi.

"Umekaa kama mtu wa kuchimba barabara," mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mdogo wako yuko wapi?"

"Ametoka alfajiri. Amekwenda kupanga mabango."

"Na mjomba wako?"

"Amekwenda kupanga walinzi."

Mama akavuta kigoda akakaa. Watu aliowapikia kila siku walikuwa hao watatu tu. Leo mmoja alikuwa anakwenda kupiga kelele, mwingine anakwenda kumzuia asipige kelele mlangoni, na wa tatu anakwenda kusimama katikati yao na kutazama.

Mdogo wake Ganzi aliitwa Baragumu kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa mwenyekiti wa wanafunzi. Mabomba ya mabwenini yalikuwa yamekauka muhula mzima, wasichana wakipanda ngazi na ndoo vichwani kama vile jengo halikujengewa bafu. Mjomba, ndugu wa mama aliyewalea wote wawili baada ya baba yao kufariki, alikuwa kiongozi wa walinzi wa chuo. Mwaka uliopita maandamano yaliisha kwa watu kuumizana, na mpaka leo kila upande ulikuwa na hadithi yake, kila hadithi imetiwa chumvi mpaka hailiki. Ndiyo maana safari hii Mkuu wa chuo aliwaruhusu wanafunzi kuandamana hadi mbele ya jengo la utawala kwa masharti mawili. La kwanza, wawepo waangalizi waliofunzwa, wasio na upande. La pili lilimhusu Baragumu peke yake. Alitia saini kwamba mwandamanaji akivunja mali ya chuo, hata kioo kimoja, yeye mwenyekiti atafukuzwa siku hiyo hiyo, bila kikao wala rufaa.

"Bado mwaka mmoja amalize," mama alisema. "Mmoja. Sikiliza, mwanangu. Ukimwona ndugu yako anateleza, wewe tazama angani. Mungu hatakuuliza ulikuwa unaangalia wapi."

"Refa ataniuliza," Ganzi alisema.

Mama akacheka bila kupenda, kisha akamrekebisha kola.

Refa ndiye aliyewafunza waangalizi. Alikuwa mwamuzi wa mpira aliyestaafu, mwenye goti bovu na filimbi ambayo hakuivua hata kwenye harusi. Wiki kadhaa aliwakusanya jioni katika karakana ya useremala, watu wazima wa kazi mbalimbali, akawafundisha kuona.

"Mwangalizi hana moyo saa za kazi," aliwaambia. "Ana macho na masikio. Usiniambie mtu alikuwa na hasira. Hasira ina rangi gani? Niambie alikunja ngumi. Hupigi makofi, huimbi, hupokei maji ya mtu, hutoi shauri. Na hufungui mdomo mpaka uulizwe na pande zote mbili. Ukiulizwa na upande mmoja ukajibu, umekuwa shahidi wao."

Waangalizi walifanya kazi wawili wawili, bila karatasi, kwa sababu Refa alisema anayeandika anatazama kalamu. Mmoja alikuwa Jicho. Huyo alisema kwa sauti ya chini kila alichokiona. Mwenzake alikuwa Sikio. Alirudia maneno yale yale na kuyahifadhi. Wakiulizwa, wawili hao wapatane neno kwa neno, la sivyo hawakuona kitu.

Na kila jioni, kabla hawajatawanyika, Refa alirudia funzo lake kuu. "Mwenye mpira anatazamwa na uwanja mzima. Mechi huharibiwa na asiye na mpira. Mtazame huyo."

Siku ya kuchagua, alimuuliza Ganzi kama ana jamaa katika shughuli hiyo.

"Mdogo wangu anaongoza wanafunzi," Ganzi alisema huku akitazama viatu vyake.

"Basi hufai."

"Na mjomba wangu anaongoza walinzi."

Refa akalisugua goti lake kwa muda. "Mizani yako ina jiwe kila upande. Unafaa. Ila siku hiyo utaumia mara mbili."

Akampa ujicho. Usikio akampa Kinyozi, mwenye kibanda nje ya lango la chuo, mtu ambaye hajawahi kumaliza kichwa kimoja bila kumaliza habari za mtaa mzima. Ganzi alidhani Refa amekosea. Yeye asiyesema ndiye aseme, na msemaji wa mji ndiye anyamaze? Lakini Refa hakubadili.

"Ni adhabu," Kinyozi alinong'ona asubuhi ile walipojipanga. "Kuna kitu nilimkosea kwenye ndevu."

Maandamano yakaanzia kwenye lango la maktaba. Waliimba wimbo wa ndoo, walioutunga wenyewe, na wasichana waliobeba ndoo tupu walizipiga kama ngoma. Waangalizi walitembea pembeni. Ganzi akatazama chini, akauona mguu wa Kinyozi unafuata ngoma.

"Mguu," alimwambia Kinyozi.

"Unajitegemea huo," Kinyozi alijibu, lakini akauzuia usicheze.

Mbele ya ngazi za jengo la utawala Mjomba alikuwa amechora mstari mweupe wa chokaa. Nyuma yake walisimama walinzi wenye ngao na virungu. Pande zote zilikubaliana kwamba atakayevuka mstari, upande wake wote unarudi ulikotoka. Walinzi warudi juu ya ngazi, waandamanaji warudi maktaba.

Baragumu alifika akitembea kinyumenyume. Alikuwa ameupa mgongo mstari, uso kwa watu wake, mkono mmoja umeshika kipaza sauti na mwingine unaongoza wimbo. Alikuwa anapendeza, hata Ganzi aliliona hilo, ingawa kupendeza hakumo katika vitu vinavyoripotiwa.

"Kisigino cha kulia," alisema kwa sauti ya chini. "Kimevuka mstari. Kimerudi."

Kinyozi akamgeukia.

"Rudia."

"Kisigino cha kulia kimevuka mstari, kimerudi," Kinyozi alisema, kama mtu anayemeza mwarobaini.

Mlinzi mmoja alikuwa amenyoosha kidole. Mjomba akasogea mbele. "Kuna mtu amevuka hapa."

"Hakuna aliyevuka," Baragumu alisema. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu aliona ni nani amesimama pale mwisho wa mstari na kizibao. "Kama hamuamini, waulizeni waangalizi."

"Nauliza," Mjomba alisema.

"Na mimi nauliza."

Watu wote wakamgeukia Ganzi. Ulimi wake ulikuwa mkavu, umegandamana na kaakaa. Alifikiri juu ya kutazama angani, kama mama alivyomshauri, na juu ya kiti cha meno, ambako mtu huumizwa kidogo ili asiumie sana. Akasema, "Kisigino chako cha kulia kimevuka mstari, kimerudi."

"Hata kikirudi, kimeshavuka," Refa alisema kutoka upande wa pili, na Kinyozi akathibitisha.

Basi ikawa zomeazomea. "Nani kamzindua huyo leo?" "Siku zote bubu, leo ndio kapata mdomo." Msichana mmoja mwenye ndoo akampita karibu na kumwambia polepole, jambo lililouma kuliko kelele, "Na ni dada yake wa tumbo moja." Umati wote ukageuka, ukarudi maktaba juani, miguu ikiburuzwa.

Baragumu alipompita alisimama kidogo. "Dada. Nilikuwa natembea kinyumenyume. Sikukusudia."

Mwangalizi hajibizani. Kinyozi alitoa kitambaa akajifuta uso, na Ganzi akajifanya haoni, ingawa kuona ndiyo kazi yake.

Waliporudi mara ya pili wimbo ulikuwa umeshuka. Baragumu alisimama mbali kabisa na mstari, akaelekea jengo la utawala na kuanza kusoma madai. Sauti yake ikapata nguvu tena. Alieleza kuhusu wasichana wa ghorofa ya juu, kuhusu vyoo, kuhusu mwanafunzi aliyefanya mtihani bila kuoga akakaa peke yake dirishani kwa aibu. Watu wakatulia. Hata walinzi walikuwa wanamtazama yeye.

Na Ganzi alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa anayafuata maneno yake kwa midomo, kama alivyokuwa akifanya zamani alipomfundisha kusoma mezani kwa mama. Akashtuka. Huo ndio mpira, alijiambia. Aliyaondoa macho kwa mdogo wake kama anayeng'oa gego, kwa kuvuta na kuzungusha, akayapeleka kwa walinzi, kisha mlangoni, kisha ukutani, kisha juu.

"Ghorofa ya pili," alisema. "Dirisha la tatu kutoka kushoto. Mkono umetoka. Una saa yenye mkanda wa njano. Unavuta dirisha. Dirisha limekwama."

Kinyozi akarudia.

"Unavuta tena, kwa nguvu. Kioo kinacheza. Unavuta tena. Kioo kimetoka. Kinaanguka."

Kinyozi hakuwahi kumaliza kurudia kabla mlio haujasikika. Vipande vilitawanyika kwenye ngazi, katikati ya walinzi. Mmoja akashika paji la uso, na mkono ukatoka na damu.

"Jiwe," alisema. "Wametupiga jiwe."

Neno hilo halikuhitaji miguu. Walinzi wakainua ngao. Wanafunzi wa nyuma, ambao hawakuona kitu, walidhani wameanza kupigwa, na baadhi yao wakainama kwenye bustani iliyozungushiwa mawe na kuinuka na mawe mikononi. Mjomba akanyanyua mkono wake wa kulia juu ya kichwa. Kila mtu pale chuoni alijua maana yake. Mkono ule ukishuka, walinzi wanashuka nao.

Mlango wa jengo ukafunguliwa na Mkuu wa chuo akatokea juu ya ngazi. Akatazama vipande miguuni pake.

"Mwenyekiti," alisema. "Hicho ni kioo. Na saini yako ninayo."

Baragumu aligeuka kuwatazama watu wake. Ganzi alimwona anameza mate, kisha anameza tena. Alimjua tangu akitambaa. Alielewa kwamba mdogo wake naye ameamini kuna mmoja wao aliyetupa.

"Mwangalizi," Mjomba alisema. Hakusema mwanangu, ingawa nyumbani hakumwita jina jingine. Mkono wake ulikuwa bado juu. "Umeona nini?"

Ganzi akanyamaza. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani mwake kama pamba za daktari. Pembeni yake Kinyozi alikuwa ameuma mdomo wa chini, jasho linamtiririka, mtu aliyebeba habari kubwa kuliko zote za maisha yake na hana ruhusa ya kuitua.

"Amenyamaza," Mkuu wa chuo alisema. "Kunyamaza nako ni jibu."

"Si jibu, Mkuu," Refa alisema. Alikuwa amechechemea mpaka kwenye mstari. "Ameulizwa na upande mmoja tu. Bado wa pili."

Macho yakarudi kwa Baragumu.

"Usimuulize," mtu alisema nyuma yake. "Atakumaliza huyo."

"Kakuuza kwa kisigino, kwa jiwe atakuzika."

"Sema hatumtambui, mwenyekiti. Sema tu."

Angeweza kusema. Mkataba aliotia saini ulimruhusu pia kumkataa mwangalizi, na bila mwangalizi lingebaki neno lao na neno la walinzi, kama mwaka jana. Pengine angepata watu wa kumtetea. Baragumu alimtazama dada yake, na dada yake hakuweza hata kutikisa kichwa, hata kupepesa jicho kwa namna ambayo ingemwambia lolote. Alisimama tu, mikono pembeni, kama kizibao kilichoning'inizwa.

Baragumu akainama akaweka kipaza sauti chini.

"Huyu hajui kudanganya," alisema kwa sauti ya kawaida, na watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. "Tangu utotoni. Nusu ya viboko nilivyokula nyumbani ni kwa sababu mama alimuuliza yeye." Kuna waliocheka, wakaacha. Akamgeukia. "Mwangalizi. Na mimi nakuuliza. Umeona nini?"

Sauti ya kwanza iliyomtoka Ganzi ilikuwa ndogo, na mtu akasema, "Hatusikii." Akavuta pumzi. Ya pili ilifika mpaka kwenye bustani.

"Sijaona jiwe. Nimeona mkono kwenye dirisha la tatu kutoka kushoto, ghorofa ya pili, una saa ya mkanda wa njano. Umevuta dirisha likakwama. Umevuta tena, kioo kikacheza. Umevuta tena, kioo kikatoka, kikaanguka. Mlinzi amekatwa na kipande cha kioo hicho. Sijaona mwandamanaji aliyenyanyua mkono kabla ya hapo. Waliobeba mawe wameyaokota baada ya mlio, na wanayo sasa."

Hilo la mwisho hakuna aliyemuuliza, lakini lilikuwa sehemu ya alichokiona, na waliobeba mawe wakajikuta wanayatazama kama vile wamekabidhiwa watoto wa watu.

"Sikio," Mjomba alisema.

Kinyozi akarudia yote. Hakuongeza hata "basi". Watu waliomfahamu walisema baadaye kwamba hilo ndilo lililowaaminisha.

Mjomba alikuwa anamtazama mpwa wake. Huyu ndiye aliyekuwa amewarudisha wanafunzi wote maktaba kwa ajili ya kisigino, akazomewa, akavumilia. Mtu aliyemnyima ndugu yake kisigino hawezi kumpa dirisha zima. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu, na hakuweza kuushusha hivi hivi, kwa sababu kushuka kwake kulikuwa amri.

"Virungu chini," alisema, bila kugeuka. "Chini kabisa. Kwenye sakafu."

Vikalala kimoja kimoja. Alisubiri mpaka cha mwisho kilipoacha kubingirika ngazini, ndipo akaushusha mkono polepole na kuukanda begani, kwa maana ulikuwa umekufa ganzi. Upande wa pili mawe yalirudishwa bustanini, na kuna kijana aliyejaribu kulipanga lake kama lilivyokuwa.

Hapo ndipo kichwa kikajitokeza kwenye dirisha la tatu. Alikuwa karani wa masijala, kitambaa amejifunga kiganjani, saa ya mkanda wa njano inang'aa juani.

"Ni mimi," alisema kwa unyonge. "Bawaba ni mbovu, nimeripoti. Kipaza sauti kilikuwa kinanguruma na nilikuwa napigiwa simu, sisikii, nikataka kufunga dirisha."

"Nani alikuwa anakupigia?" Mkuu wa chuo aliuliza.

"Ofisi yako, Mkuu. Walikuwa wanauliza kama maandamano yanaendelea kwa amani."

Kicheko kilianzia kwa walinzi. Kikavuka mstari wa chokaa bila ruhusa ya mtu, kikaenda mpaka nyuma kabisa, na mlinzi aliyekatwa naye akacheka huku ameshika paji lake. Mkuu wa chuo alijitahidi. Lakini Ganzi aliliona lile gego la juu alilomziba yeye na daktari mwezi uliopita, na gego hilo halionekani mtu akiwa amenuna.

Mkuu akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi yenye saini na kumrudishia Baragumu. "Ichukue. Na mje ndani, wewe na wenzako. Tuzungumze maji."

Walikaa ndani muda mrefu kidogo. Walipotoka, Baragumu hakuhitaji kipaza sauti. Mafundi wa mabomba wangeanza kazi wiki ile, na mpaka wamalize, gari la maji lingekuja kila siku kwenye kila bweni. La kwanza lilikuwa tayari njiani. Alipolisema hilo umati uliinuka kama maziwa yanayochemka. Gari lilipoingia kwa lango la maktaba, likidondosha maji barabarani, wasichana walilipokea kwa ngoma za ndoo, wakalizunguka lile bomba la nyuma wakajimwagia mpaka nguo zikawagandama. Waliokuwa wamemzomea Ganzi walimpita wakiimba jina lake, na yule msichana aliyesema "wa tumbo moja" akamnyooshea kata ya maji.

Ganzi hakuipokea. Hakuimba, hakupiga makofi, hakutikisa hata kichwa. Kinyozi pembeni alikuwa amekazana kama mtu aliyebanwa. Walisimama hivyo hivyo mpaka ngazi zilipofagiliwa na mstari wa chokaa ukaoshwa na maji ya gari, ndipo Refa akaweka filimbi mdomoni na kuipuliza, kazi ikawa imekwisha.

Mama alikuwa uzioni. Alikuwa pale tangu asubuhi, alikuja kukiri baadaye, nyuma ya kibanda cha Kinyozi. Alipita katikati ya maji bila kuinua kanga.

"Si nilikwambia utazame angani?" alisema.

"Nilitazama, Mama."

Baragumu akaja amelowa chapachapa, na nyuma yake Mjomba, kofia kwapani. Wakasimama mbele ya Ganzi kama wagonjwa wawili wanaogombea zamu.

"Lakini kisigino, Dada," Baragumu alisema. "Kisigino hukuweza kukisamehe? Nilikwambia sikukusudia."

"Kusudi sikuliona," Ganzi alisema. "Nilikiona kisigino."

Mjomba alicheka mpaka akamshika Mama bega. "Mwanangu," alisema, "mwaka ujao nitakuomba wewe hata kabla ya kuomba virungu."

Ganzi akafungua vifungo vya kizibao, cha juu mpaka cha chini. Akakivua, akakikunja vizuri, herufi kwa ndani, akamkabidhi Refa kwa mikono miwili. Akahakikisha Refa amekishika. Kisha akarudisha kichwa nyuma na kupiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, kikali, kilichozunguka ukuta wa jengo la utawala na kurudi. Dereva wa gari la maji akatoa kichwa kutazama. Karani akafungua dirisha jingine, kwa uangalifu. Wasichana wote wenye ndoo wakageuka, na walipoona ni nani, wakamwitikia, ghorofa kwa ghorofa, mpaka mabwenini.

"Jamani," Kinyozi alisema, sasa ameruhusiwa kusema lolote alitakalo. Akatafuta maneno mengine, akayakosa, akapiga makofi.